Kindi Aliyeomba Adhabu Iongezwe

Sogeeni karibu, ila msisukumane. Mwatumu, mpishe mwenzako naye akae. Hadithi hii ina haraka, na mimi nikiisimulia siwezi kutulia mahali pamoja, kwa hiyo mkiniona nimesimama msiniulize ninakwenda wapi.

Zamani sana, siku ambazo wanyama walijenga nyumba, wakafunga milango na kugombana na majirani kama sisi, palikuwa na nchi yenye mto mmoja tu. Kila mnyama alikunywa maji kwa zamu, na zamu ilitangazwa kwa ngoma. Ikilia mara moja, wanateremka swala. Ikilia mara mbili, pundamilia. Ikilia mara tatu, wale wakubwa wenye kuchafua maji. Mlinzi wa ngoma hiyo alikuwa Fisi.

Asubuhi moja ngoma haikulia. Wanyama wakaenda kutazama kwenye kibanda chake, wakakuta ngozi imebanduliwa na nusu yake imeliwa. Siku hiyo mtoni hapakukalika. Kila mmoja alitaka kunywa kwanza, na swala wawili wakakanyagwa miguu.

Fisi ndiye aliyelia kuliko wote. "Mwizi huyu asipopatikana mimi silali," alisema. Kisha akawaonyesha mchanga wa mlangoni. Palikuwa na alama ndefu ya mkia uliokokotwa, na mkia wa namna hiyo walikuwa wanaujua. Ulikuwa wa Mzee Kakakuona.

Sasa huyo Mzee Kakakuona alikuwa mtu wa kimya. Aliishi peke yake kwenye shimo, chini ya mninga mkubwa, amevaa magamba yake toka kichwani hadi mkiani. Hakugombana na mtu. Ila alikuwa na tabia moja: akishtuka, anajikunja. Kichwa ndani, miguu ndani, mkia juu, basi. Hata umwite kwa jina la baba yake, hafunguki.

Wakamkamata, wakampeleka kwa hakimu. Hakimu alikuwa Nyati, na mnamjua Nyati, hasira zake ziko karibu.

"Wewe ndiye uliyekula ngozi ya ngoma?" akanguruma Nyati.

Kakakuona akajikunja.

"Nakuuliza wewe!"

Kakakuona akazidi kujikunja, mpaka akawa mviringo kama nazi.

Nyati akaagiza kielelezo, Fisi akaionyesha ile nusu ya ngozi ikiwa imekunjwa, akaambiwa airudishe, kisha akatoa ushahidi. "Mheshimiwa, mimi nilimwona kwa macho yangu na kumsikia kwa masikio yangu. Alikuwa anatafuna. Kra, kra, kra."

"Umesikia, mshtakiwa? Una la kujibu?"

Kimya.

"Basi," akasema Nyati, akapiga kwato chini, pu. "Aliyejikunja amekiri. Kesho jua likifika utosini, atang'olewa magamba moja baada ya jingine, kisha atupwe ng'ambo ya mto. Apewe adhabu zote za desturi, asipunguziwe hata moja."

Mnajua maana yake? Kakakuona bila magamba ni nyama tu, na ng'ambo ya mto wapo wanaoisubiri. Kwa hiyo ilikuwa ni hukumu ya kufa, ila imetamkwa kwa maneno marefu.

Juu ya mninga ule ule, mwenye shimo akiwa chini, alikaa Kindi, mama wa watoto watano. Alikuwa mwembamba, mkia wake hautulii, mdomo wake hautulii, na siku aliyosikia hukumu hiyo hata roho yake haikutulia. Msidhani alikuwa na huruma nyingi kuliko wengine. Alikuwa na huruma, ndiyo, lakini alikuwa pia na siafu.

Chini ya mninga palikuwa na njia ya siafu. Kila siku Mzee Kakakuona alitoka, akatoa ulimi wake mrefu, lamba, lamba, akawamaliza kabla hawajaanza kupanda. Tangu akamatwe hakuna wa kuwala. Jioni ya siku ya kwanza Kindi alitazama chini akaona mstari mweusi umefika kwenye mizizi. Akachukua majivu ya jikoni kwake, akauzungushia mti. Siafu hawapiti kwenye majivu, hilo kila mwenye nyumba analijua. Lakini upepo ulikuwa unavuma siku zile, na majivu hayana uzito.

"Watoto wangu hawajaota hata manyoya," alimwambia mumewe. "Wakifika siafu, tutakuta mifupa."

"Sasa sisi tufanye nini?" mumewe akauliza. "Nyati amekwisha hukumu."

"Juu ya Nyati kuna wengine."

"Wale watatu? Kindi mke wangu, wale hata kukuona hawatakuona. Utakanyagwa bure."

"Wewe kaa hapa na ungo wa majivu," akasema Kindi. "Mimi nakwenda kukata rufaa."

Na akaenda mbio, akakata rufaa jioni ile ile, akaambiwa arudi kesho asubuhi.

Haya, sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo pana sheria.

Mahakama ya rufaa ya nchi ile ilikuwa na majaji watatu. Mkubwa wao alikuwa Bibi Tembo. Kulia kwake alikaa Kiboko, na kushoto Kifaru, ambaye haoni mbali na hapendi kuambiwa. Walikutana kando ya bwawa, lakini nchi kavu. Desturi iliwakataza kugusa maji wala kula chochote mpaka shauri lililo mbele yao liishe kabisa. Wazee wa zamani waliweka desturi hiyo ili majaji wasichelewe. Ilichozaa ni majaji wenye haraka, na hilo ni jambo jingine.

Sheria ya pili ilikuwa kali zaidi. Kwenye rufaa haliongezwi neno. Hakuna shahidi mpya, hakuna jambo jipya. Majaji wanasikiliza yale tu yaliyosemwa kwa hakimu wa kwanza, basi. Na kwa kuwa wanyama hawakujua kuandika, aliyeyabeba yote yaliyosemwa alikuwa Kasuku. Kasuku hakuacha hata kikohozi.

Asubuhi ile Kindi alifika wa kwanza. Mkia unapiga huku na huku. Kakakuona aliletwa akiwa amebingirishwa, bado mviringo. Fisi akaja amejipaka mafuta, na ile nusu ya ngozi iliyobaki kwapani, imekunjwa. Wanyama wengine wakajaa. Nyati naye alikuja, akasimama nyuma, maana hakimu hapendi kusikia hukumu yake inajadiliwa, lakini pia hapendi kutoisikia.

"Nani amekata rufaa?" akauliza Bibi Tembo.

"Mimi hapa, Bibi."

"Wapi?"

"Hapa chini. Karibu na mguu wako wa mbele. Naomba usiusogeze."

Wanyama wakacheka. Kifaru akauma meno. "Tufanye haraka. Kasuku, tupe hukumu ile ya mwisho, tuithibitishe, tukaoge."

"Waheshimiwa," akasema Kindi, "naomba Kasuku aseme yote. Toka mwanzo."

"Yote ya nini?" Kiboko akauliza. Ngozi yake ilikuwa imeanza kukauka mgongoni.

"Sheria inanipa haki hiyo, Mheshimiwa. Au haipo?"

Bibi Tembo akapunga masikio. "Ipo. Kasuku, anza."

Kasuku akajinyoosha, akaanza. Alisema kwa sauti ya Nyati, akasema kwa sauti ya Fisi, akakohoa pale alipokohoa Nyati, akapiga chafya pale alipopiga chafya nyani mmoja wa pembeni. "'Wewe ndiye uliyekula ngozi ya ngoma? Nakuuliza wewe. Leteni kielelezo.' 'Hiki hapa, Mheshimiwa, nimekikunja vizuri.' 'Haya, rudisha.' Kho, kho. 'Mheshimiwa, mimi nilimwona kwa macho yangu na kumsikia kwa masikio yangu. Alikuwa anatafuna. Kra, kra, kra.'"

Kindi akaruka. "Hapo hapo. Waheshimiwa, Mzee Kakakuona hawezi kutafuna kra, kra. Mzee huyu hana meno. Hana hata jino moja la kumwazima mtu."

Minong'ono ikaanza. Walikuwa wanalijua jambo hilo, na hakuna aliyelikumbuka. Nyati alikuwa anaangalia ardhi.

"Kasuku," akasema Bibi Tembo, "jambo la meno limo katika yaliyosemwa?"

"Halimo," akasema Kasuku.

"Limo hata kidogo?"

"Hakuna aliyetaja jino, Bibi."

"Basi halimo," akasema Kifaru. "Ni jambo jipya. Tunalikataa."

"Lakini si mnaweza kutazama tu?" Kindi alianza kuhema. "Yuko hapa. Kinywa chake kiko hapa."

"Amekifunika. Na hata tungekiona, hatujakiona. Endelea na sababu nyingine."

Kindi akatazama juu. Jua lilikuwa limekwisha panda sana. Akafikiria mumewe na ule ungo, na upepo ulikuwa unavuma, nao ulikuwa unamrushia vumbi machoni. Akajaribu tena. Akasema kujikunja si kukiri, mtu anaweza kujikunja kwa hofu. Kiboko akasema Nyati ndiye aliyekuwepo, yeye ndiye aliyemwona mshtakiwa anavyojikunja, na wao hawawezi kujua mkunjo wa hofu na mkunjo wa hatia unatofautiana wapi. Fisi akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyehudhuria msiba wa jirani.

"Umemaliza?" Kifaru akauliza.

"Kasuku hajamaliza, Mheshimiwa."

"Malizia," Bibi Tembo akamwambia Kasuku.

"'Umesikia, mshtakiwa? Una la kujibu? Basi. Aliyejikunja amekiri,'" akasema Kasuku kwa sauti ya Nyati. "'Kesho jua likifika utosini, atang'olewa magamba moja baada ya jingine, kisha atupwe ng'ambo ya mto. Apewe adhabu zote za desturi, asipunguziwe hata moja.' Kho, kho. 'Nendeni.'"

Mkia wa Kindi ukatulia. Nawaambia, tangu azaliwe ulikuwa haujatulia, na siku hiyo ulitulia.

"Waheshimiwa," akasema polepole, "naondoa rufaa yangu."

 Kakakuona mwenyewe magamba yakamtetemeka, chwa, chwa, chwa, kwa kuwa alikuwa anasikia, ila alikuwa hawezi kufunguka.

"Umeondoa?" Bibi Tembo akauliza.

"Nimeiondoa. Ninaleta ombi jingine. Ninaomba adhabu iongezwe."

Fisi akacheka mpaka akashika mbavu. "Sasa huyu ndiye jirani," alisema. "Mimi namuunga mkono. Iongezwe, Waheshimiwa. Iongezwe sana."

"Hakimu alisema adhabu zote za desturi," Kindi akaendelea, "na jambo hilo limo, mmelisikia. Lakini alitaja mbili tu. Amesahau ile ya kumalizia."

Wazee wakatazamana. Walikuwa wameisahau na wao. Zamani, mtu akiiba chakula, kabla ya adhabu nyingine alilazimishwa kumalizia kilichobaki mbele ya watu wote, ili aaibike. Ameiba mkungu wa ndizi, ataumaliza. Ameiba mzinga wa asali, ataumaliza. Desturi hiyo iliachwa kwa sababu wezi walianza kuipenda. Lakini haikufutwa.

"Ni kweli," akasema Bibi Tembo. "Hata bibi yangu aliisimulia. Fisi, unakubali na hili?"

"Nakubali kwa mikono miwili," akasema Fisi. "Na ale ngozi yote mpaka atapike."

"Basi itandikeni."

Ngozi ikakunjuliwa. Ilikuwa ngumu kama ubao, na harufu yake ya moshi na mafuta ikaenea. Fisi aliposikia harufu ile, pua yake ikacheza kidogo. Akatazama pembeni haraka.

Kindi akaenda kwa ule mviringo wa magamba, akainama pale alipodhani pana sikio.

"Mzee, ni mimi, jirani yako wa juu. Siafu wamefika kwenye mizizi. Nakuomba ufunguke. Lamba tu hii ngozi, usiseme kitu."

Muda ukapita. Kisha gamba moja likainuka, na la pili, na pua ndefu ikachungulia. Mzee Kakakuona akatambaa mpaka kwenye ngozi, macho chini. Akatoa ulimi wake.

Lamba, lamba, lamba.

Wanyama wakangoja. Akalamba huku, akalamba kule. Ngozi ikalowa, ikang'aa, lakini haikupungua.

"Kula," akasema Fisi.

Lamba, lamba.

Jua likazidi. Kiboko alianza kuinua mguu huu na kushusha ule. Mgongo wake ulikuwa unapasuka kama udongo wa shamba, na bwawa lilikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Kifaru alikuwa na njaa, na akiwa na njaa hupumua kwa kelele. Hata Bibi Tembo alikuwa anajimwagia vumbi bila kutulia. Hakuna aliyeweza kuondoka. Adhabu imeanza, na shauri haliishi mpaka adhabu ya kumalizia iishe.

"Mbona hatafuni?" Kifaru akauliza.

Kindi akapangusa vumbi machoni.

"Nakuuliza wewe, Kindi. Kwa nini hatafuni?"

"Samahani, Mheshimiwa. Jibu lake halimo katika yaliyosemwa kwa hakimu. Nikijibu nitakuwa shahidi mpya, nanyi mtanikataa."

Wanyama wakaziba midomo. Bibi Tembo akamtazama Kindi kwa muda mrefu, na nadhani alianza kuelewa.

"Sisi tutakaa hapa mpaka lini?" Kiboko akalalamika. "Mimi nakauka. Labda amesahau kutafuna. Mtu na amwonyeshe."

"Hivi ndivyo mtu anavyotafuna," akasema Kifaru, akainama, akauma pembe ya ngozi. Akavuta. Ngozi ikamteleza, ikampiga puani, pa. Akarudi nyuma na machozi. Meno ya kula majani hayakuumbwa kwa kazi ile.

"Nani hapa anaweza kuikata ngozi hii?" akauliza Bibi Tembo.

 Vichwa vikageuka kimoja kimoja. Fisi alikuwa amesimama, na mate yalikuwa yanamtoka pembeni mwa mdomo, tiri, tiri, tiri, yanaangukia miguu yake.

"Mimi?" akasema Fisi. "Mimi leo tumbo si zuri."

"Wewe ni mlinzi wa ngoma," Kiboko akamwambia. "Na wewe uliunga mkono ombi. Mwanzishie mzee huyu tumalize."

"Mheshimiwa, mimi hata nyama siku hizi sili sana."

"Mwacheni Bwana Fisi," Kindi akasema kwa upole. "Tusimwaibishe mbele za watu. Zamani alikuwa na meno, sote tunakumbuka. Lakini umri nao. Tumtafute mbwa mwitu, yeye bado kijana."

Fisi akainua kichwa. "Umri wa nani?"

"Nimesema tu, kaka. Si aibu."

"Mbwa mwitu ana meno gani kunishinda mimi?"

"Sijui. Watu wanasema."

Watoto wangu, Fisi alikuwa na akili kuliko anavyosimuliwa. Alijua kabisa asiiguse ile ngozi. Lakini alikuwa na amri ya Kiboko mgongoni, harufu puani, mate mdomoni, na sasa mwanamke mdogo mwenye mkia anamwita mzee mbele ya nchi nzima. Akapiga hatua moja. Akapiga ya pili.

Kra.

Akatafuna, kra, kra, akameza, na akafumba macho kwa raha. Akainama kwa bonge la pili. Lakini Kindi alikwisha ruka juu ya ngozi, akasimama katikati yake, mikono amenyoosha.

"Inatosha, Bwana Fisi. Asante. Umetuonyesha."

Kisha akaivuta ngozi kwa nguvu zake zote, akahema, akaiburura mpaka mbele ya Bibi Tembo. Akaigeuza upande mmoja, akaigeuza upande wa pili. 

"Unataka kusema nini?" Bibi Tembo akauliza.

"Sina la kusema, Bibi. Nitazame wewe usoni, au tazama hiyo ngozi. Mimi sisemi."

Bibi Tembo akainamisha mkonga. Upande mmoja palikuwa na alama za zamani, pale mwizi alipouma usiku ule. Upande wa pili palikuwa na alama mbichi, pale Fisi alipouma sasa hivi, bado zina mate. Bibi Tembo akapitisha ncha ya mkonga kwenye ukingo wa kwanza. Kwenye kila alama ya meno palikuwa na kijisehemu kimebaki bila kukatwa, kama kucha, pale penye pengo la jino. Akapitisha kwenye ukingo wa pili. Kijisehemu kile kile, upana ule ule.

"Fisi," akasema. "Fungua mdomo."

"Ushahidi mpya," Fisi akasema haraka, mdomo nusu wazi, pengo linaonekana. "Huo ni ushahidi mpya. Sheria hairuhusu."

"Kweli hairuhusu," Kifaru akasema, ingawa pua ilikuwa bado inamuuma. "Alama hizo hazikutajwa kwa hakimu."

Bibi Tembo akamgeukia Kasuku. "Pale penye kielelezo. Rudia."

"'Leteni kielelezo,'" Kasuku akarudia. "'Hiki hapa, Mheshimiwa, nimekikunja vizuri.' 'Haya, rudisha.'"

"Kwa hiyo ngozi ilifika kwa hakimu."

"Ilifika, Bibi."

"Ilikunjuliwa?"

"Haikukunjuliwa. Ilikuja imekunjwa, ikaondoka imekunjwa."

"Basi ngozi si kitu kipya," akasema Bibi Tembo. "Imo toka siku ya kwanza. Kipya ni kwamba leo imetazamwa. Na alama za pili hakuzileta Kindi. Sisi wenyewe, mahakama, ndio tuliomwamuru Fisi aume."

Kiboko akakohoa. Kifaru akajifanya anafukuza nzi.

"Nasoma hukumu," akasema Bibi Tembo, "na nitaisoma fupi kwa kuwa Kiboko anakauka. Kindi aliiondoa rufaa, lakini anayeomba adhabu iongezwe ameileta hukumu yote mbele yetu. Moja, hakimu alikosea kusema anayejikunja amekiri. Hakuuliza anajikunja kwa nini. Mbili, kielelezo kilikuwa mbele yake na hakukifungua. Tatu, shahidi ni mmoja tu, na shahidi huyo huyo ndiye mwenye meno. Kakakuona hana hatia. Hukumu ya kwanza imefutwa, yote, pamoja na magamba na ng'ambo ya mto."

Fisi alikuwa ameanza kurudi nyuma taratibu, kidole kidole. Lakini Kiboko aliyekuwa njiani kuelekea bwawani akakaa chini katikati ya njia, pu, na njia ikaisha.

"Atashtakiwa?" sauti ikauliza nyuma. Alikuwa Nyati.

"Atashtakiwa," akasema Bibi Tembo. "Kwa hakimu mwingine. Na huyo hakimu atamuuliza vizuri, na atamsikiliza mpaka mwisho. Hata Fisi."

Nyati akainamisha pembe zake. Sikuwaambia kwamba alikuwa mbaya. Alikuwa na haraka tu, na haraka yake ilikaribia kumvua mtu ngozi yake.

Mzee Kakakuona alikuwa bado amesimama pale pale, amefunguka, hajui aende wapi. Bibi Tembo akapiga magoti ili asiwe mkubwa sana, akazungumza naye kwa sauti ya chini.

"Mzee wangu. Ulikuwa unafanya nini kwenye kibanda cha ngoma?"

"Mchwa," akasema Kakakuona. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu walilazimika kusogea. "Walikuwa wanakula nguzo. Ningewaacha, kibanda kingeanguka."

"Sasa mbona hukusema? Neno moja tu lingekuokoa."

Kakakuona akafikiri kwanza. Hakuwa na hasira usoni.

"Hakuna aliyeniuliza, mama," akasema. "Walinipigia kelele."

 Nyati akageuka akaondoka, na waliokuwa karibu naye wanasema alikuwa analia, ila mimi sikuwepo.

"Twende, Mzee," Kindi akasema, mkia umeanza tena kupiga huku na huku. "Jua limefika utosini, na mume wangu najua ungo umemwishia."

Wakaenda mbio, yaani Kindi mbio na Mzee kwa mwendo wake. Walipofika mningani, upepo ulikuwa umeyapeperusha majivu yote, na siafu walikuwa wamefika nusu ya mti. Mume wa Kindi alikuwa amepanda na watoto mpaka tawi la mwisho, watatu kifuani na wawili mgongoni. Mzee Kakakuona hakungoja kuambiwa. Akakumbatia shina, akapanda, akatoa ulimi.

Basi wajukuu zangu, nawaambia neno moja mkalale nalo: mtu akinyamaza mbele yako, usiseme amekiri mpaka umemuuliza kwa sauti asiyoiogopa.